Mtaa Uliolala Mchana

Mjukuu wangu anaolewa Rumonge, katika ule mtaa wa zamani ulio karibu na ziwa, na juzi alikuja kuniaga na kikapu cha ndagala wakavu. Alikiweka mlangoni, akakaa, akaniuliza, "Bibi, weye ulikaa kule utotoni. Mbele ya kuhama, nijue nini?" Nikamjibu kama bibi yeyote angejibu. Piga hodi, kisha ungoje kuitikiwa. Usipite mbele ya watu bila kuwaamkia. Mama mkwe akikupa samaki, usiulize alivuliwa lini. Akacheka, akaridhika, akaenda zake. Kikapu kikabaki. Harufu ya wale samaki ikajaa nyumba nzima, na mkono wangu ukapanda wenyewe nyuma ya shingo, kupapasa.

Wenzangu wa rika langu mtanielewa bila maneno mengi. Tumebaki wachache kama meno yetu. Vijana wa leo wanauliza kabla ya kuhama, na wanafanya vizuri, maana Waswahili wanasema usilolijua ni usiku wa giza. Sisi tulihamia ndani ya usiku huo na mikeka yetu kichwani, na hakuna aliyeniambia neno isipokuwa mtu mmoja, ambaye naye hakujua anachosema.

Mtu huyo alikuwa bibi yangu, mzaa baba. Kwetu kulikuwa juu milimani, mahali ambapo ziwa unaliona kama mstari wa mwanga chini, mbali, kisha unageuza uso. Bibi alitukataza kulikodolea macho. "Mwami mwenyewe haruhusiwi kuyatazama maji yale," alisema, akimaanisha mfalme wetu, "sembuse wewe unayechunga ndama wa watu?" Niliamini kwamba mtu akiyatazama sana, maji yanamjua jina.

Baba alikuwa amelipuuza katazo hilo zamani. Alishuka kubeba mizigo ya chumvi na nguo ya mfanyabiashara mmoja Mswahili, na kwa kuwa hakuiba wala hakutoroka, akapewa kiwanja mtaani. Akasilimu, akaitwa Juma. Aliporudi kutuchukua, mimi na mama, alivaa kanzu. Bibi alimtazama kuanzia chini mpaka juu na hakulitamka lile jina jipya hata mara moja. Alisema mwacha asili ni mtumwa, akaingia ndani.

Asubuhi ya kuondoka alinivuta nyuma ya nyumba. "Mwana wanje, sikia. Kule chini kuna ugonjwa wa kulala. Mtu analala mchana jua likiwaka, usiku anakesha kama mchawi. Wale Wazungu Wadachi wakimjua, wanamtia kambini, na watu wa kambini hawarudi. Mwangalie mama yako. Unajua mwenyewe jinsi anavyopenda usingizi."

Nilijua. Mama alisinzia akipepeta mtama, alisinzia akisukwa nywele, na baba alikuwa akimtania kwamba siku ya harusi walimwamsha ili aolewe. Bibi hakumpenda sana mkwewe, na leo nadhani alisema vile kumchoma tu. Lakini mimi nilipokea maneno yale kama kazi. Niliteremka mlima nikiwa nyuma ya mama, nikiyatazama macho yake kila alipogeuka.

Tulifika jua la utosi. Joto la bondeni lilitupiga usoni, na harufu ya mawese yanayochemka, na ile ya samaki walioanikwa mchangani. Watu wa milimani hatukula samaki, wenzangu, msinicheke, tuliwaona kama nyoka wenye bahati. Mama alijiziba pua na ncha ya nguo yake. Kisha tukaingia mtaani, na miguu yangu ikagoma.

Mtaa mzima ulikuwa umelala.

Wanaume walijinyoosha barazani juu ya mikeka, kofia zimefunika nyuso. Mwanamke mmoja alilala kizingitini, na kuku akitembea juu ya mguu wake bila yeye kujua. Fundi cherehani alilala juu ya kitambaa alichokuwa akikishona. Hakuna moshi, hakuna mchi uliolia kinuni. Baba alipita katikati yao akitoa salamu kwa sauti ndogo, na mmoja akainua kidole tu kuitikia. Nikasema moyoni, basi, wote wameshaugua, na baba yangu ametuleta tukae nao.

Mnajua tayari, ninyi mliokua katika miji ile. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Mama alielezwa na baba, maana na yeye alikuwa amesilimishwa na alitakiwa kufunga. Watoto hawafungi, kwa hiyo hakuna aliyeona haja ya kunieleza. Mimi nilisikia Kirundi tu, na Kiswahili cha watu wale kilikuwa masikioni mwangu kama mvua juu ya majani ya migomba. Nilichokuwa nacho ni maneno ya bibi, na kila nilichokiona kilisema bibi ni mkweli. Jua likizama, mtaa ulifufuka. Watu walikula, walicheka, walitembeleana, na kabla ya alfajiri mtu alipita akipiga ngoma kuwaamsha ili wapate kula tena. Wanalala mchana na kukesha usiku. Nilihitaji ushahidi gani mwingine?

Jirani yetu alikuwa Bi Tausi, mwanamke mnene kutoka Ujiji, mwenye sauti ya kuitia mitumbwi. Jioni ya kwanza alikuja na bakuli la uji, akakaa bila kukaribishwa na kuanza kumpa mama sheria za mtaa huku baba akitafsiri. Nyingine baba alizimeza njiani. Moja aliitafsiri mpaka mwisho, kwa sababu Bi Tausi aliirudia mara mbili akinielekeza mimi kidole. "Maji tunachota ku ziwa, pale wazi, ku mchanga. Ku mto hapana, mutoto! Kule ku miti iko mbung'o. Inauma, unafikiri ni nzi tu. Umesikia?"

Nilisikia. Nikaitikia kwa kichwa kama mtoto mwenye adabu. Lakini kesho yake nilipotumwa na mtungi na kufika kwenye mchanga, ziwa likafunguka mbele yangu lote kwa pamoja, jeupe, halina ng'ambo, linapumua. Mwami hatazami, nami niliinamie nichote? Nikageuka na kufuata ukingo mpaka mdomo wa mto, ambapo miti iliinama na kulificha ziwa lote. Pale palikuwa na kivuli, na baridi, na maji yanayopita yakienda zake kama maji ya kwetu. Nikachota pale. Niliumwa na nzi, nikawapiga kofi, nikarudi. Tangu siku hiyo ndiko nilikochota, na mtungi haukusema ulijazwa wapi.

Siku chache baadaye mama akaanza kulala mchana.

Sina njia nzuri ya kueleza hofu ile. Niliingia ndani nikamkuta ukutani, mdomo wazi kidogo, mikono imelegea mapajani. Nikamtikisa. Akaniambia kwa upole niende nje nikacheze. Nikatoka, nikarudi, amelala tena. Nikaangusha kifuniko cha chungu. Nikaimba. Nikamfinya. Nikapeleka unyasi puani mwake. Kila siku nilivumbua mbinu mpya, na kila siku mama, mwenye njaa na kiu ya saumu yake ya kwanza, alizidi kukonda uso na kuwa mkali. Alinipiga kofi, yeye ambaye hakuwa mtu wa kupiga. Nikaona, ehe, na tabia imebadilika. Usiku nilijizuia kulala ili nihakikishe yeye analala, na aliposimama kupika daku nililia chini ya shuka.

Katikati ya mwezi ule nilimwona mgonjwa wa kweli. Alitoka nyumba ya mwisho ya mtaa, kijana mvuvi, akiwa ndani ya machela iliyobebwa na watu wawili, askari mmoja mbele na mmoja nyuma. Kichwa chake kilining'inia, mate yakimtoka, na macho yalikuwa nusu wazi bila kuona kitu. Mama yake alifuata mpaka pale nyumba zinapokoma, akasimama hapo na mikono kichwani. Watu barazani waliketi, na mtu akasema neno moja ambalo kufikia hapo nilikuwa nimelijua: malale, ule ugonjwa wa kulala.

Alasiri hiyohiyo nilimkuta mama amelala, nikammwagia mtungi mzima wa maji.

Alipiga ukelele uliomleta Bi Tausi mbio, kanga moja kifuani na nyingine imedondoka njiani. "Hii mutoto iko na nini? Anataka kumuzamisha mama yake?" Mama alikuwa akitetemeka na maji, mimi nikitetemeka na kilio. Nikaokota maneno niliyokuwa nayo, ya Kirundi na ya Kiswahili, nikamwonyesha mama, nikaonyesha nje, mtaa wote: "Malale. Mama malale. Bote malale."

Bi Tausi alinitazama. Kisha akacheka mpaka akaketi chini kwenye matope niliyoyafanya. Alicheka akishika mbavu, akiomba msamaha kwa Mungu kwa kucheka namna ile na saumu, kisha akacheka tena. Aliponyamaza alinivuta mapajani, akasema polepole, mikono yake ikieleza pamoja na mdomo. "Sikia, mutoto wangu. Hii hapana malale. Hii ni Ramadhani. Muchana hatukuli, hatukunywi, nguvu inakwisha, tunalala. Usiku tunakula. Mwezi ikiisha, utaona, tutakuwa watu kama wengine. Kuuliza si ujinga, mbona hukuuliza?"

Mama hakucheka. Alielewa kwa nini nilimfinya siku zote zile, na uso wake ukafanya kitu ambacho sikukijua wakati ule. Alitandika mkeka pakavu, akalala, akanilaza kifuani mwake katikati ya mchana. Nililala mpaka adhana ya magharibi. Sijawahi tena kulala usingizi mtamu kama ule.

Sikukuu ikaja. Nilivaa kaniki mpya na kula samaki kwa mara ya kwanza, nikiwa nimefumba macho. Mtaa ukaamka mchana kama Bi Tausi alivyoahidi. Cherehani ikalia, kuku wakafukuzwa, wanawake wakachemsha ngazi, matunda ya michikichi, na kukamua mawese huku wakisengenyana, na mama akaanza kukokota Kiswahili. Alijua maneno yasiyozidi vidole vyake, lakini aliyatumia yote kila siku. Mimi nilikuwa na furaha, ila nilichoka upesi. Homa ilikuja jioni, ikaondoka, ikarudi. Kichwa kiliuma. Baba alisema ni joto la bondeni, kila mtu wa milimani hulilipia. Mama alisema nakua.

Mvua zilipoanza, wapiga mbiu walipita wakisema daktari wa Kidachi amefika na kila mtu aende kiwanja cha soko, mkubwa kwa mdogo, asibaki hata mzee. Hofu yangu ikarudi yote. Ramadhani ilikuwa imeeleza usingizi wa mtaa, lakini haikueleza usingizi wa mama, ambaye alikuwa ameanza kusinzia tena akipepeta, kama kwetu. Je, daktari atajua kwamba ni tabia yake tu? Nani atamwambia? Tulipopanga mstari nilimsimamisha mbele yangu na kumshika nguo kwa nyuma, na kila alipotaka kupiga miayo nilimvuta.

Daktari hakuuliza mtu yeyote kuhusu usingizi. Alikuwa mwembamba, ndevu zimechongoka, na alipita nyuma ya watu, si mbele. Alipapasa shingo. Vidole vyake vilitembea chini ya nywele, nyuma ya masikio, vikitafuta uvimbe. Aliyekutwa nao alichomwa sindano palepale kwenye uvimbe, na tone likapelekwa kwenye chombo cha kutazamia kilichokuwa mezani, na baada ya kungoja aliambiwa aende kushoto ama kulia. Kulia ni nyumbani. Kushoto walikuwapo askari.

Alifika kwa mama. Vidole vilikaa shingoni mwake muda mrefu sana, ama mimi ndiye niliyeona hivyo. Nilimwahidi Mungu wa bibi na Mungu wa baba, wote wawili, kila kitu nilichokuwa nacho. Kisha daktari akamgusa bega, akamsukuma kidogo kulia.

Nililia kwa raha. Nilijikojolea kidogo pia, nasema ukweli, na sikuona aibu. Nilikuwa bado nalia nilipohisi vidole vile vya baridi vimeingia chini ya nywele zangu, vimesimama, vimerudi, vimesimama tena.

Bi Tausi ndiye aliyeelewa kwanza. Nilipotolewa mezani na kusukumwa kushoto, alipenya mpaka kwa askari, akanishika mashavu. "Maji ulichota wapi? Niambie, mwanangu. Ulichota wapi?" Nikamwambia kule kwenye miti. Alifunga macho. "Nilikuambia mbung'o," alisema, "sikukuambia malale. Sikukuambia ni kitu kimoja." Na yule mama mwenye sauti ya kuitia mitumbwi akakosa sauti.

Kambi ilikuwa kusini, upande wa Nyanza, mwendo wa kutwa. Sisi tuliopatikana tulitangulizwa, ndugu wakafuata nyuma na vyungu na mikeka, wakilia kwa kupokezana. Tulifika mahali ambapo miti yote ilikuwa imefyekwa na boriti moja ndefu imelazwa njiani juu ya magogo mawili. Wagonjwa tukapitishwa. Ndugu wakaambiwa hapa ndipo mwisho. Askari mmoja, Mmanyema, aliwaeleza bila ukali: anayetaka kuingia kumpikia mtu wake aingie, lakini akivuka boriti hatoki mpaka daktari aseme, na daktari hasemi upesi. Na ajue kwamba mle ndani wazima nao huugua.

Wengi walirudi nyuma. Siwalaumu, walikuwa na watoto wengine.

Nitawaambia sasa ili msiningojee. Mimi nilitoka kambini. Sindano zilinipunguzia nuru ya jicho la kushoto, lakini nilitoka kwa miguu yangu, nikaolewa, nikazaa. Mama aliugua kulekule, nilipokuwa nimeanza kupata nguvu, na huo haukuwa usingizi wa saumu wala wa tabia. Amezikwa huko, na baba alihesabiwa miongoni mwa walioruhusiwa kuja kumfukia.

Lakini siku ile pale njiani alikuwa mzima kabisa, daktari mwenyewe alikuwa amempeleka kulia. Baba alimshika mkono. "Usivuke," alimwambia kwa Kirundi. "Mtoto atapikiwa na wengine. Ukivuka nitawakosa wote wawili." Mama aliutoa mkono wake taratibu, kama mtu anayejitoa kwenye mwiba, akachukua mkeka kutoka kichwani mwa baba na kuuweka kichwani mwake.

Askari alimwinulia kiganja. "Mama, weye iko muzima. Rudi kwako."

"Miye iko mama yake," mama alisema.

"Najua. Lakini weye iko muzima."

Mama alitafuta Kiswahili kingine, akakikosa. "Miye iko mama yake," alisema tena, kwa sauti ileile.

Askari aliinua boriti.

Mimi nilikuwa nimesimama upande wa pili, na nilikuwa nikitazama miguu yake tu. Ramadhani ile, na tena daktari alipokuja, niliomba jambo moja, mama asiingie mahali pale. Nilimfinya, nilimwimbia, nilimmwagia maji kwa ajili ya jambo hilo. Miguu ikavuka. Akaja, akanishika mkono, akaniuliza kama nina njaa. Wenzangu, nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikacheka, na baba alinisikia akiwa ng'ambo ya boriti.